Kufumua Picha Yako Mwenyewe

Hotuba kwa wapiga picha wanaojifunza, Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullah.

Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa kwenye mikeka kwa sababu viti vimekwisha, ahsanteni sana kwa kuja. Nimekuja na picha mbili. Ya kwanza hii hapa, naomba ipite mkono kwa mkono. Kila mmoja aiangalie kwa nafasi yake, na asimwambie jirani yake lolote. Ya pili itakaa ndani ya bahasha mpaka wakati wake ufike.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kanzu, mwaka wa 22 huu. Kamera niliinunua miaka sita nyuma, mkononi kwa mtu aliyekuwa anasafiri, na sijapata kukaa darasani nikafundishwa kupiga picha. Wanaojua kuliko mimi wamo humu ndani, nawaona. Lakini nilipoombwa nije niseme, nilijua lipo jambo moja ambalo naweza kulisimamia: kila nilichokipata katika kupiga picha nimekipata kwa kukaa na picha zangu mwenyewe, nikazikagua kama ninavyoikagua kanzu kabla mwenyewe hajaja kuichukua, kisha nikarudi kupiga tena.

Picha inayozunguka niliipiga Jaws Corner mwaka wa kwanza wa kamera yangu, saa tano na nusu. Mzee mmoja muuza kahawa amesimama, dele mkono wa kulia, finjani mkono wa kushoto, anamimina. Kanzu aliyovaa nimeishona mimi. Nyuma yake kuna ukuta wa chokaa na baraza, na watu wamekaa wanacheza dhumna. Mzee yule akimimina hulinyanyua dele juu sana, kahawa ikashuka kama uzi, na uzi huo ndio ulionifanya ninyanyue kamera. Nilipiga mara moja. Nikaangalia kwenye kioo cha kamera, nikafurahi mpaka kahawa yangu ikapoa. Wiki ile ile nikaenda kuitoa kwenye karatasi kubwa, nikampelekea.

Akaishika. Akaipeleka mbali na macho, akairudisha karibu. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni mimi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alinimiminia finjani nzima na pesa akazikataa. Lakini swali lile nililibeba mpaka nyumbani. Njiani nilijiambia kwamba macho ya mzee yamechoka. Usiku nikaiweka picha chini ya taa ya cherehani, nikaiangalia kama nguo iliyorudishwa na mteja.

Uso wa mzee ulikuwa doa jeusi. Hakuna macho, hakuna mdomo, hata ndevu zake nyeupe zimekuwa rangi ya majivu. Nguzo ya umeme iliyoko mbali kule nyuma imeota juu ya kofia yake. Ukingo wa picha umeikata finjani katikati. Na ule uzi wa kahawa, ambao ndio sababu ya picha yote, huuoni: kahawa nyeusi imeshuka mbele ya suruali nyeusi ya mcheza dhumna aliyekaa nyuma. Mambo manne, na yote yalikuwepo kwenye kioo cha kamera wakati ule nilipokuwa nafurahi.

Kwa nini sikuyaona? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba nilikuwa mahali pale. Nilisikia harufu ya tangawizi, nilisikia dhumna zikigongwa mezani, nilijua macho ya mzee yanavyokuwa anapotania. Nikiitazama picha, kumbukumbu inajaza kila pengo. Mzee yeye aliambiwa tu, "Huyu wewe," akautafuta uso wake asiuone. Mpiga picha ni mtu wa mwisho kuiona picha yake ilivyo, kwa sababu kila akiitazama anatazama vitu viwili kwa pamoja, karatasi na siku yenyewe. Kujikosoa ni kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Ukivitenganisha, makosa yanajitokeza yenyewe, huna haja ya kuwa mtaalamu.

Sasa vinatenganishwaje? Nitasema ninavyofanya mimi.

Kwanza naziacha picha zilale. Nikipiga leo, sizikagui leo. Naangalia tu kwamba zimo kwenye kadi, basi. Zinakaa wiki tatu, wakati mwingine mwezi. Wazee wetu waliotumia mkanda walipata faida hii bila ya kuitafuta: mkanda wa picha 36 ulikaa ndani ya kamera mpaka uishe, kisha ukapelekwa studio kusafishwa, kisha ukangojwa. Picha ilipowarudia, siku yenyewe ilikuwa imeshapoa. Sisi kioo kimetuondolea kungoja, na kungoja kule ndiko kulikokuwa kunafundisha. Inabidi mtu ajiwekee mwenyewe.

Pili naigeuza juu chini. Kanzu haikaguliwi ikiwa mwilini mwa mtu. Unaivua, unaigeuza ndani nje, unapitisha kidole kwenye mshono. Mbele kila nguo inapendeza. Ndani ndiko utakakojua kama fundi alikuwa na haraka. Picha nayo ukiigeuza juu chini, mzee si mzee tena, baraza si baraza, unabaki na weusi na weupe na mistari. Hapo ndipo nguzo ya umeme ilinipiga machoni. Na si jambo geni hili. Mafundi wa zamani wenye kamera kubwa za mbao, wale waliokuwa wakijifunika kitambaa cheusi, waliiona picha juu chini kwenye kioo cha nyuma siku zote za kazi yao, na picha zao mnazijua zilivyotulia.

Tatu naipunguza iwe ndogo kama stempu. Picha ambayo katika udogo ule bado inaeleweka, ina mifupa. Ile inayokuwa fujo tupu, hata uikuze kama ukuta itabaki fujo, kubwa tu.

Halafu daftari. Hili naomba vijana mlishike, maana bila ya daftari mambo mengine yote ni kujifurahisha. Daftari langu ni la kawaida, lile la mistari la wanafunzi wa skuli. Kila picha ninayoikagua naiandikia mistari michache: nilitaka kuonyesha nini, karatasi inaonyesha nini, nilikuwa nimesimama wapi, saa ngapi, na nikirudi nitafanya nini. Nimejiwekea sharti moja, kwamba maneno "nzuri" na "mbaya" hayaingii humo. Mteja akikwambia "kanzu mbaya" hajakusaidia kitu. Akikwambia "kwapa linabana nikinyanyua mkono", unajua pa kufumua. Mimi mwenyewe nikiandika "picha mbaya", nimejitukana na sijajifunza. Nikiandika "uso umezama kwa sababu nilielekeza kamera kwenye ukuta mweupe", hapo nina kazi ya kesho.

Na sababu ndiyo ngumu kuipata. Niwape mfano wa picha zisizo kali, maana kila mtu humu ndani anazo. Nilipiga wavulana wanaojirusha baharini pale Forodhani, magharibi inakaribia. Nyumbani nikakuta mvulana amekuwa moshi. Nikaandika "kamera imetikisika". Nilikosea, na nilikosea kwa miezi, kwa sababu kila jioni nilikwenda nikaishika kamera kwa nguvu zaidi na moshi ukabaki ule ule. Siku moja nikaitazama picha pembeni badala ya katikati: mawe ya ukuta wa gati yalikuwa makali, unahesabu nyufa. Mkono ungekuwa umetikisika, mawe nayo yangetikisika. Kilichotembea ni mvulana peke yake. Nikafungua taarifa zilizohifadhiwa pamoja na picha, zile namba ambazo kila kamera ya dijitali na kila simu inaziandika bila ya kuambiwa, nikakuta kasi, yaani muda ambao kamera hufungua jicho lake kupokea mwanga, ilikuwa 1/30 ya sekunde. Katika muda huo mtoto aliyeruka anakuwa ameshafika mbali.

Tangu hapo naamua hivi. Kila kitu kikiwa ukungu, ni mkono wangu. Kinachotembea kikiwa ukungu na kilichosimama kikiwa kikali, ni kasi. Na ikiwa kipo kitu kikali ndani ya picha lakini sicho nilichokitaka, sikio badala ya jicho, ukuta badala ya mtu, basi nimelenga pasipo. Magonjwa matatu, dalili zinafanana kwa mbali, dawa zake mbalimbali kabisa. Kwa wale wavulana dawa ilikuwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, mpaka 1600 ili nipate kasi ya 1/500, na nikakubali chengachenga, zile punje punje zinazotokea kwenye picha. Picha yenye chengachenga ya mtoto aliye hewani naipenda kuliko picha laini ya moshi.

Sijamalizana na wavulana wale. Ipo picha moja maarufu duniani inayojulikana kwa jina la Wavulana Watatu Ziwa Tanganyika, ya Martin Munkácsi, mpiga picha kutoka Hungaria. Wavulana watatu wametupa mgongo, wanakimbilia majini. Henri Cartier-Bresson, mpiga picha wa Kifaransa ambaye wengi wenu mmesikia jina lake, aliiona akiwa bado kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na alieleza katika maisha yake kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwasha. Nilipoisikia habari hii niliitafuta picha, nikaiweka kando ya picha yangu ya Forodhani, maana kitu ni kile kile: watoto watatu, maji, furaha.

Nilikaa nazo jioni nzima. Wavulana wa Munkácsi ni weusi tititi, nyuso hazionekani, na hakuna kinachopungua. Miili yao imekolea mbele ya povu jeupe, mkono unausoma kuwa mkono na mguu kuwa mguu. Wavulana wangu walikuwa wameshikamana wote watatu, donge moja lenye miguu sita. Nilibonyeza walipopendeza kwa macho yangu, na macho yangu yalikuwa yanaona kwa kina, huyu mbele na yule nyuma. Karatasi haina kina. Kwenye karatasi kilicho nyuma ya mtu kinamgusa mtu.

Na hapo nikamkumbuka mzee wa kahawa, nikaielewa picha yake zaidi kuliko nilivyoielewa chini ya taa. Uso mweusi wa wale watoto si kosa, kwa sababu picha ile inasema mwili, mbio, maji. Uso mweusi wa mzee ni kosa, kwa sababu nilitaka kusema mzee huyu, na si mwengine. Kwa hiyo msije mkaandika kwenye daftari "uso mweusi" mkadhani mmeshamaliza. Ule mstari wa kwanza, nilitaka kuonyesha nini, ndio unaoamua kama jambo ni kosa au ni uzuri. Mtu asiyejua alitaka nini hawezi kujikosoa. Atabaki kufuata kanuni za watu.

Sasa niseme kwa nini uso ulizama, maana jambo hili linatuhusu sisi hapa kuliko watu wengi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kanzu wala hakijui uso. Kimetengenezwa kwa kudhania kwamba ukichanganya kila kilichomo mbele yake utapata kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye ukuta wa chokaa na kanzu nyeupe juani, kinasema mwanga umezidi, kinapunguza mpaka weupe uwe kijivu. Mtu mweusi aliyesimama hapo anapunguzwa pamoja na ukuta. Kinyume chake, ukimpiga mwanamke aliyevaa buibui karibu, kamera inaongeza mwanga mpaka buibui linakuwa kijivu na uso unaungua. Kamera haina makusudi, inafanya ilichofundishwa. Ingawa mafunzo hayo nayo yana historia yake: kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, na kwenye kadi hizo alikuwapo mwanamke wa kizungu. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi. Nyuso kama zetu zilitoka zilivyotoka.

Leo uwezo wa kurekebisha tunao mkononi. Kwenye kamera ipo alama ya kujumlisha na kutoa. Mbele ya ukuta mweupe jumlisha moja. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha pandisha kile kijua kidogo kinachotokea pembeni. Lakini mimi kama mshona kanzu nawaonya: ukijumlisha sana, kanzu inaungua, darizi ya shingoni inapotea, na weupe ulioungua haurudi hata ufanye nini kwenye kompyuta. Kwa hiyo mara nyingi dawa haiko kwenye kitufe. Iko kwenye miguu: mwondoe mtu juani, au ondoka wewe, au rudi saa nyingine.

Hapa ndipo daftari langu liliponipeleka bila ya mimi kutarajia. Baada ya mwaka nililisoma lote kwa siku moja, kuanzia ukurasa wa mwanzo. Nilidhani nitakuta kamera yangu ni ndogo na lenzi yangu ni ya bei rahisi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nalalamika kwa watu. Makosa ya lenzi niliyakuta, lakini machache. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa unasema jambo moja kwa maneno tofauti: nilisimama mbali, nilisimama upande usiofaa, nilifika saa isiyofaa, niliondoka mapema. Fedha niliyokuwa naiweka kwa ajili ya lenzi nilinunulia viatu na nyengine nikaitolea picha kwenye karatasi. Sijajuta mpaka leo.

Habari ya saa niiseme kidogo. Sisi tuko nyuzi sita kusini ya ikweta. Mapema mwezi wa Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini hasa, na miezi mingine halikai mbali. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa, mtu akisimama nje macho yake yanakuwa mashimo mawili. Vitabu vingi vya kupiga picha vimeandikwa na watu wa nchi ambazo jua linapita kando, na ushauri wao wa mchana hautufai sana. Ila tunacho walichokosa wao: vichochoro. Saa mbili asubuhi, au saa kumi, ukuta wa upande mmoja unapigwa na jua na wenzake wa upande wa pili wamo kivulini, na ule uliopigwa unamwaga mwanga laini kwa jirani. Mweke mtu hapo. Hutahitaji flashi.

Kama mnataka kujua mwanga ule unaweza kufanya nini, hamna haja ya kwenda mbali. Nendeni barabara ya Kenyatta mkatazame picha za Capital Art Studio, duka alilolianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha nyeusi na nyeupe za watu wa Unguja, za mitaa, za majahazi. Mimi huenda pale kila ninapoanza kuridhika. Naichagua picha moja, nasimama mbele yake, najiuliza maswali yale yale ninayojiuliza kwenye daftari: yeye alisimama wapi, saa ngapi, alingoja nini. Ukijikosoa bila ya kuwa na kipimo machoni, utajisifu kwa kuwa leo umepiga vizuri kuliko jana, na jana yenyewe ilikuwa chini. Nyani haoni kundule, wamesema wazee, ndiyo maana anahitaji kuwaona wenzake.

Lipo jambo jengine moja ambalo siliwezi kuliacha. Kwenye daftari langu kuna picha niliyoiandikia kwamba mwanga upo sawa, nimesimama pazuri, kasi imetosha, halafu nikaifuta. Ni mama mmoja sokoni Darajani, amechoka, mtoto amemlalia begani, ushungi umemponyoka. Hakujua kama namwangalia. Kila nilipoigeuza picha ile juu chini ilikuwa imekamilika, na kila nilipoirudisha sawa niliona aibu. Picha ya mtu ina mwenyewe. Nikikagua yangu sasa, mstari wa mwanzo kabisa, kabla ya mwanga na kasi, naandika kama aliyemo ndani anajua. Ningeweza kumwendea mama yule nikamwamkia. Pengine angekataa, na kukataa ni haki yake. Pengine angeufunga ushungi wake, akanitazama, na ningepata picha nyengine ambayo ningeweza kumpelekea mkononi.

Naona picha ya kwanza imeshafika nyuma na inarudi. Basi nifungue bahasha.

Kwa mzee wa kahawa nilirudi. Nilimwomba ruhusa, akasema nije ninavyotaka almuradi ninywe. Safari ya mwanzo nilikwenda saa kumi, nikavuka upande wa pili, hatua mbili kushoto, nguzo ya umeme ikajificha na nyuma ya dele ukabaki ukuta mweupe ulio kivulini. Kwenye kioo ilionekana tayari. Baada ya wiki tatu daftari likaandikwa: mzee anaitazama kamera, amekakamaa kama wa picha ya paspoti. Nilikuwa nimekwenda na kamera mkononi tangu mwanzo wa mtaa. Safari ya pili nilikaa kwanza, nikanywa finjani mbili, nikacheza dhumna mkono mmoja, akanisahau. Uso ukaja. Lakini kasi ilikuwa 1/125 na uzi wa kahawa ukawa utando. Safari ya tatu alikuja mteja akasimama katikati. Ya nne mvua. Ya tano nilikuwa nimeshaweka ISO 800, kasi 1/500, nimejumlisha kidogo kwa ajili ya ukuta, nimekaa mahali pangu, na nikajua kitu ambacho picha ya kwanza haikunifundisha lakini kurudi kulinifundisha: mzee kabla ya kumimina huvuta pumzi na kuinamisha kichwa upande wa kulia, kama anayemsikiliza mtu. Ukiona kichwa kimeinama, una nusu sekunde.

Nikaitoa kwenye karatasi, nikampelekea. Aliishika vile vile, mbali, kisha karibu. Safari hii hakuniuliza kama ni yeye. Alikaa kimya, kisha akaweka kidole juu ya karatasi, kwenye mkono wa kanzu. "Fundi," akasema, "hapa pindo limefumuka. Mbona hukuniambia?" Nikaangalia. Kweli, kwenye kiganja cha kulia, uzi mmoja mweupe umening'inia, hauzidi urefu wa ukucha. Nilikuwa nimeshaitazama picha ile mara nyingi na sikuuona. Jioni aliniletea kanzu dukani, nikaifumua mkono wote na kuishona upya, kisha nikaandika kwenye daftari.

Hii hapa. Uzi wa pindo sasa mnaujua, hivyo usihesabiwe. Lakini lipo kosa jengine, nimeliandika kwa wino mwekundu, na kwa ajili yake Jumapili ijayo narudi tena Jaws Corner. Sitalitaja. Ipokee, dada. Igeuze juu chini kwanza, uishike hivyo kwa dakika nzima, kisha utuambie alitaka nini aliyeipiga, na alikuwa amesimama wapi.